Jani Litambaalo la Nansala

Jumapili, 8 Novemba 1953

Baada ya ibada Dresa Mbonile, mtibabu wa zahanati yetu, alipita hapa nyumbani. Alibonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Akasema moyo umechoka na maji yanashuka miguuni. Nikamwuliza nimebakiwa na muda gani.

"Pasaka utaiona, Mwalimu. Baada ya Pasaka, mimi si Mungu."

Mke wangu Roda akamjibu kutoka jikoni, "Hata kabla ya Pasaka wewe si Mungu, Mbonile. Kunywa chai yako."

Basi nimefungua daftari hili. Huko Msangano yuko mzee aitwaye Osea. Kwa miaka arobaini na mitatu watu wanamwita Gundi, na wanawe wanaitwa watoto wa Gundi, kwa sababu ya uongo wangu. Nataka kulifuta jina hilo kabla sijafa. Maneno yangu peke yake hayatatosha, kwani watasema mzee anaweweseka. Ninahitaji jani moja dogo linalotambaa kwenye kinamasi cha Nansala, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Nalo hutoa kisuke chake mvua zinapokwisha, yaani baada ya Pasaka.

Alhamisi, 12 Novemba

Mvua ya kwanza. Fupi, ila ardhi imenukia.

Jumamosi, 14 Novemba

Leo mkono hautetemeki sana, kwa hiyo naandika lile jambo lenyewe.

Mwaka 1909 nilikuwa karani wa mchungaji Mjerumani, Bwana Linde, kwenye misheni ndogo ambayo leo imebaki msingi wa mawe tu. Bwana Linde alipenda mimea kupita mahubiri. Osea alitembea porini kuileta. Mimi niliikausha kati ya karatasi, nikaibandika kwa gundi ya unga wa ngano, nikaandika jina la mahali. Osea hakujua kuandika, lakini alikuwa na macho. Alikuwa akipita njia ileile niliyopita mimi na kurudi na vitu saba ambavyo mimi sikuviona.

Siku moja alitoka Nansala na vijiti vyembamba, rangi ya manjano iliyofifia, kila kimoja na kisuke kimoja juu mfano wa suke la ulezi ambalo halijafunguka. Bwana Linde alifurahi mno. Akasema ni jamaa ya lile jani la kwenye kingo za barabara linalosimama kama kimti na kuinamisha visuke vingi. Lakini hili alikuwa halijui. "Shina lake liko wapi?" akauliza. Osea akasema limebaki kwenye tope, limelala chini. Alikuwa amevuna kama sisi sote tunavyochuma mboga, kwa kushika shingoni na kuvuta. Jani hili ukilivuta hivyo, kijiti hukatika, na shina hubaki limeshikwa na mizizi yake yote.

Bwana Linde alikuwa anasafiri kesho yake kupeleka mizigo. Akaniambia, "Nitaondoka na karatasi kamili au sitaondoka nayo kabisa." Nilijua anatafuta mtu wa kumpeleka chuo cha walimu. Nansala ilikuwa mbali na misheni, na mvua za mwisho zilikuwa zinanyesha. Kwenye rafu kulikuwa na kipande cha jani jingine litambaalo, la milimani, ambalo Osea alilileta mwezi uliopita. Nikakata kipande cha shina lake, nikakibandika chini ya vijiti vya Nansala, nikafunika kiungo kwa jani moja. Ilipendeza sana.

Jibu kutoka Ulaya lilifika baada ya miezi kumi na sita. Majani ya chini yana nywele nyeupe nchani, ya juu hayana. Mimea miwili imeunganishwa kwa gundi na mtu mjanja. Bwana Linde akatuita barazani mbele ya watu wote. Akauliza, "Nani alileta hili?"

Nikajibu, "Osea ndiye aliyeleta."

Kila neno nililosema lilikuwa la kweli.

Osea alilia kama mtoto. Alisema twendeni Nansala, mwone wenyewe. Tukaenda. Ilikuwa Septemba na kinamasi kilikuwa kimechomwa moto kwa ajili ya majani mapya ya ng'ombe. Majivu matupu. Bwana Linde akageuka kurudi. Mimi nilibaki nyuma kidogo, nikafukua majivu kwa kidole cha mguu, nikaona ncha ya kijani, fupi kama kucha, ikiwa hai. Jani hili hufa lote wakati wa kiangazi isipokuwa ile ncha ya mbele. Niliiona. Nikaifunika tena kwa mguu.

Osea alifukuzwa misheni. Mimi nilikwenda chuoni.

Jumanne, 24 Novemba

Nimemwandikia mtaalamu wa mimea aliye Nairobi, Bibi Harwood. Anwani nimepewa na bwana shamba. Nimeuliza kama jani la namna hii linajulikana huku kwetu. Jina langu nimelitia. La Osea bado. Sijui kwa nini bado.

Ijumaa, 11 Desemba

Mvua.

Jumamosi, 12 Desemba

Mvua. Roda amehamisha kitanda changu, panavuja.

Ijumaa, 25 Desemba

Nimepelekwa ibadani nikiwa nimeshikwa huku na huku kama bibi harusi. Watoto niliowafundisha, wengine wana mvi, wameimba vizuri.

Jumapili, 17 Januari 1954

Barua ya Nairobi imefika. Naiweka hapa kwa Kiswahili.

Bibi Harwood anasema jamaa ya mimea hiyo huitwa Lycopodium, na kwamba vijiti peke yake havitoshi kulitambua jani. Anataka mmea mzima, shina, mizizi na kisuke, kitu kimoja bila kubandikwa. Anasema akiba ya karatasi za zamani zilizokwenda Ujerumani imeteketea kwa mabomu, na hakuna anayejua tena zilikuwa na nini. Kisha anasema: "Ukilipata, Mwalimu, nitaliandika kwa jina lako kuwa wewe ndiwe uliyelivumbua katika wilaya hiyo."

Nimeisoma mara sita. Karatasi yangu ya uongo imekuwa majivu. Bwana Linde ni marehemu. Hakuna mtu duniani awezaye kunishika. Na jina langu litaandikwa kwenye kitabu.

Jumatatu, 18 Januari

Mvua. Sikula.

Jumanne, 19 Januari

Sikula. Roda anadhani ni moyo.

Jumatano, 20 Januari

Asubuhi nimemwambia Roda yote. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Baba Ruti," akasema (Ruti ni binti yetu wa kwanza), "unajua mimi nilimwimba yule mtu?"

"Ulimwimba vipi?"

"Kinuni. Wasichana sote tulikuwa na wimbo wa Gundi. Mkewe akipita na mtungi wa maji, sisi tunatwanga kwa nguvu zaidi. Siku ile alipohama kwenda Msangano tuliimba mpaka akapotea kwenye kona. Nami nikaja kuolewa na mwenye gundi yake!"

Nilidhani atalia. Akanirushia harage kifuani. Kisha la pili.

"Na hiyo barua ya Nairobi?"

"Anataka kuandika jina langu."

"Akiliandika," akasema Roda, "nitatunga wimbo mwingine. Bado nina sauti."

Nikacheka hadi nikakohoa. Nimemwandikia Bibi Harwood ukweli wote, kurasa nne. Nimemwandikia na Osea huko Msangano, ukurasa mmoja, ambao umenichukua muda mrefu kuliko zile nne.

Jumamosi, 13 Februari

Nimefika Nansala, mara ya kwanza tangu siku ile ya majivu. Vijana wanne wa kwaya wamenibeba kwa machela kama bwana mkubwa wa zamani. Roda alitembea mbele na jembe, akiwatukana kila walipoteleza.

Wameniweka kwenye mkeka ukingoni, nikalala kifudifudi. Lipo! Lipo kila mahali! Shina limelala juu ya tope jeusi kama uzi mnene, majani yametandazwa ubavuni kulia na kushoto, mepesi, bila nywele nchani. Kando yake kuna vile vijani vyekundu vyenye utomvu vinavyonasa inzi. Nilisahau kufundisha watoto wangu vitu hivi.

Nikavuta moja kwa vidole, kwa mazoea. Likakatika. Roda akapiga jembe mbali kidogo na shina, akainua bonge zima la tope kama anayetoa kiazi, tukalisuuza kwenye beseni taratibu. Shina likabaki zima, na mizizi yake imeshuka kutoka tumboni mwake mwanzo hadi mwisho. Nikaona jambo ambalo sikulijua: nyuma linaoza, mbele linaendelea. Kila mwaka lote liko mbele kidogo ya lilipokuwa mwaka jana.

Lakini vijiti havijatoka. Bila kisuke hakuna ushahidi.

Jumanne, 2 Machi

Dereva wa lori linalotoka Msangano kupitia Tunduma ameleta jibu la Osea kwa mdomo. Alisita kulisema.

"Sema tu, baba."

"Amesema: mwambieni Mwalimu kwamba Gundi hayuko nyumbani."

Jumamosi, 6 Machi

Mvua. Nimemwandikia tena.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua. Nimemwandikia tena. Safari hii mistari miwili tu: "Nililiona siku ile chini ya majivu. Nikalifunika kwa mguu."

Machi, tarehe sijui

Mbonile amelala hapa siku mbili. Sipumui nikilala. Naandika nimekaa. Ninaomba wiki sita tu, Bwana, kisha nichukue, hata kwa kunikokota miguu ukitaka.

Jumapili, 18 Aprili, Pasaka

Nipo.

Mbonile amekuja kunipa mkono. Nimemwambia kuanzia leo elimu yake imefika mwisho. Mvua imepungua. Kengele ilipolia jua lilikuwa limetoka kabisa.

Jumapili, 25 Aprili

Nilikuwa nimekaa ukutani nikiota jua. Wakaja watu wawili njiani, mzee mwenye fimbo na mwanamke wa makamo aliyebeba kapu. Mzee alikuwa anatembea kidogo, anasimama, anatazama chini ya ukingo wa barabara, anatembea tena. Nilimjua kwa kutazama kwake, kabla sijaona uso.

Roda akatoka, akapiga magoti, akasalimu. Hakuinuka.

"Inuka, mama," akasema Osea. "Wimbo wenu ulikuwa mzuri. Mke wangu marehemu alikuwa akiuimba mwenyewe akinikasirikia."

Kisha akanigeukia mimi. Hakukaa.

"Barua zako mbili za kwanza sikuzijibu kwa haki," akasema. "Msamaha, msamaha, kila mtu anaweza kuandika. Hii ya tatu Felista alinisomea mara moja, nikamwambia funga mizigo. Ulilifunika kwa mguu gani?"

"Wa kulia."

"Huo uliovimba?"

"Yote imevimba, Osea."

"Afadhali," akasema. Felista, binti yake, akasema, "Baba!" Osea akasema, "Nimesema afadhali. Nilingojea miaka arobaini na mitatu kusema neno moja baya, niache niseme." Akakaa. Akaomba maji ya kunywa.

Nilishuka chini kwenye vumbi nikamwomba msamaha kwa mdomo. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Visuke vimetoka?"

Jumatatu, 3 Mei

Vimetoka!

Osea alikuwa akienda Nansala kila asubuhi na Roda. Leo Roda ndiye aliyeviona kwanza, akapiga kigelegele ambacho wachunga ng'ombe waliitikia kwa filimbi. Nilibebwa upesi. Vijiti kumi na tisa, manjano iliyofifia, virefu kama kidole na nusu, na juu ya kila kimoja kisuke kimoja tu. Lile la barabarani lina vingi na vimeinama. Lile la milimani lina viwili au vitatu juu ya mguu mmoja, na nywele majanini. Hili ni moja, wima, safi. Osea akagusa kisuke, vumbi la njano likamwagika kiganjani. Akanionyesha kiganja.

Alichimba mwenyewe. Hakukubali jembe la mwingine. Aliinua bonge pana kama sinia, akalisuuza, akalilaza juu ya mkeka: mzizi, shina, kijiti, kisuke, kitu kimoja. Akashika ncha moja, mimi nyingine. Tukavuta kidogo. Halikuachia.

"Gundi iko wapi?" akauliza.

"Haipo."

"Sema tena."

"Haipo, Osea. Haikuwepo kamwe kwako."

Tumechovya mimea sita kwenye maji yanayochemka kabla ya kuikausha, kwani jani hili ukilibana bichi linaendelea kuishi ndani ya karatasi wiki tatu. Nimeandika kibandiko kwa herufi kubwa: Limepatikana Nansala, Mbozi. Mwenye kulipata ni Osea, mwaka 1909, na tena mwaka 1954. Osea alishika kalamu juu ya mkono wangu nilipoandika jina lake.

Jumapili, 9 Mei

Leo nimesimama kanisani, nikasema yote. Wazee wengine walitazama sakafu. Ruti wangu alilia. Watu walimpa Osea mkono, mstari mrefu mpaka nje.

Jioni Osea akafunga kapu. "Umesema vizuri, Mwalimu. Lakini hapa watu walikwisha kunisahau. Jina langu liko Msangano. Pale ndipo mchumba wa Felista alivunja posa aliposikia ni binti wa Gundi, na hajaolewa mpaka leo. Nairobi wakijibu, usiniletee mimi jibu. Lilete kwao."

"Dresa ataniua."

"Dresa alisema ungekuwa umekufa."

Jumatano, 26 Mei

Baridi. Hakuna barua.

Jumatatu, 14 Juni

Barua!

"Ni mmea mmoja, mzima, haujabandikwa popote. Ni Lycopodium carolinianum, litambaalo kwenye vinamasi. Mtaalamu wa 1910 alisema kweli kuhusu karatasi, akakosea kuhusu mtu. Nimeliandika kwa jina la Osea, kama ulivyoomba. Tafadhali mpe salamu zangu, na umwulize kama ameona mengine."

Roda amecheza uwanjani na barua kichwani. Kuku wote wamekimbia.

Ijumaa, 18 Juni

Tunduma. Nimeletwa kwa lori, mbele kando ya dereva, juu ya godoro, na beseni la tope la Nansala lenye jani letu kati ya miguu. Mbonile alikataa, akafoka, kisha akapanda nyuma na mfuko wake wa dawa. Mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka, anayeuza samaki wakavu, akachungulia dirishani, akatusalimu kwa lugha yao. "Mwapoleni mukwai. Mzee anakwenda kuzikwa wapi?"

"Anakwenda kuzika," akasema Roda. Akanunua samaki.

Jumamosi, 19 Juni

Nimefanya.

Ni siku ya soko Msangano na watu walikuwa wengi. Jumbe aliniweka kwenye kiti mbele ya baraza lake. Sauti yangu haifiki mbali tena, kwa hiyo kila nilichosema Roda alikirudia kwa sauti yake ya kinuni, kikasikika mpaka kwa wauza ng'ombe. Nilisema nilikata nini, nikabandika wapi, nikajibu nini Bwana Linde alipouliza. Nikasema kuhusu majivu. Roda alirudia hayo pia, na sauti haikumkatika.

Mzee mmoja akapaza sauti, "Tutajuaje? Labda Gundi amekulipa!"

"Njoo hapa," nikasema. "Njooni na wenzako."

Nikaagiza beseni. Nikamwambia atie mkono kwenye tope, afuate shina kwa kidole toka mwisho mpaka kwenye kijiti, anionyeshe mahali palipoungwa. Alifuata. Alifuata tena. Wakaja wengine, wanawake wakaja, wauza chumvi wakaja, vidole vyeusi kwa tope. Hakuna aliyepata kiungo. Nikasoma barua ya Nairobi, na Roda akapiga kelele zile herufi za jina moja moja: O, S, E, A.

Yule mzee akautoa mkono wake, ukidondosha tope. Kisha akaenda mahali Osea alipokuwa amekaa na binti yake, akampa huo huo mkono, bila kuufuta. "Mzee Osea," akasema. "Habari za siku nyingi."

"Nzuri," akasema Osea. "Za siku nyingi sana."

Basi ndipo kelele ikaanza. Vigelegele, ngoma, sijui waliitoa wapi. Felista alikuwa amesimama wima katikati ya soko, na wanawake wakipokezana kumkumbatia. Mimi nililia waziwazi mbele ya watu mia mbili, na sijawahi kuwa na furaha kama hiyo tangu kuzaliwa.

Jumapili, 20 Juni

Mbonile amenisikiliza kifuani akasema nisisafiri kurudi sasa. Sikumwuliza hiyo sasa ni mpaka lini. Roda ameuliza kama nyumba ya Osea ina nafasi, Osea akasema ipo.

Tumekula ugali wa ulezi na samaki wa Tunduma, sote kwenye sinia moja. Osea alininawisha mikono yeye mwenyewe. Wakati akimimina maji alisema, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Nimekuachia, Anyosisye." Hakuwahi kuniita jina langu tangu aliponililia barazani.

Nikampa salamu za Bibi Harwood, na swali lake.

Aliacha kula. "Mengine?" akasema. "Yapo mengi. Kuna moja chini kwenye mbuga, linaelea, lina majani kama masikio ya panya. Nimekuwa nikiliona kila mwaka, nikasimama, nikalitazama, nikarudi nyumbani. Nilikuwa sina mtu wa kumwambia."

"Mbali?"

"Kwa machela si mbali."

Nimemwambia Roda achonge kalamu ya risasi na atafute karatasi kavu. Kesho tunatoka asubuhi, kabla jua halijawa kali.